Khanga Chini ya Helikopta

Iringa, Jumatano, 5 Juni 2024

Mama mdogo Bibie,

Shikamoo. Mimi mzima. Baridi ya Iringa ndiyo inayotaka kuniua, lakini haijaweza. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Ya kwenye simu hupigwa picha yakasambaa, na haya nataka ukishayasoma uyatie jikoni chini ya sufuria. Barua nampa dereva wa basi, ataiacha kwa Alinanuswe, jirani yako wa kibanda cha mchele hapo Mwanjelwa. Nawe ukijibu, njia ni hiyo hiyo.

Muharami amekuja.

Ndiyo, yule yule. Aliingia ofisini kwetu jana saa nne, manukato yakimtangulia mlangoni. Anamwoza binti yake Ruwaida Jumamosi ya tarehe 29, na anataka helikopta. Bi harusi apandie uwanja wa ndege wa Songwe, azungushwe juu ya jiji la Mbeya mara mbili, kisha ashushwe kwenye uwanja wa shule kule Uyole mbele ya wageni mia tano. Aliniita binti. Aliniuliza kama nimeolewa. Mimi niliyempigia magoti mbele ya duka lake miaka mitatu iliyopita, hakunitambua kabisa.

Wewe unajua kwa nini niliomba kazi hii. Zamani helikopta ilikuwa ya serikali na ya wagombea wakati wa kampeni. Siku hizi tunapeleka watalii Ruaha, tunakagua nyaya za umeme, tunabeba wagonjwa, na harusi ndizo haziishi. Nilijua mtu akishaonja kutazamwa na watu walioinua shingo, haachi. Nikajisemea, Muharami atarudi, na mimi nitakuwa nimekaa mezani. Nimekaa miaka miwili na nusu.

Siku ile helikopta ilikuwa mikononi mwake, ameikodi itupe pipi juu ya Mwanjelwa kwa ajili ya kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi. Mama yuko zahanati kule Ileje, utumbo umejisokota, na wewe uko naye. Rubani alikubali: mteja akiruhusu, saa moja inatosha kumchukua na kumfikisha hospitali Mbeya. Nikaenda kumwomba. Akanijibu mbele ya watu, "Mgonjwa ana Mungu wake, mimi nina wageni wangu." Maneno hayo nayasikia hata nikipiga mswaki. Mama akakata roho barabarani, kabla ya Mbalizi.

Sasa sikiliza. Kampuni yetu ni ndogo, hatutumi mtu wa kuandaa uwanja. Wenyeji wanaandaa wenyewe kwa kufuata orodha: wachore H kwa chokaa, wamwage maji vumbi lisitimke, mahema na viti vikae mbali, na nguo yoyote isitandikwe chini, maana upepo wa mapanga ya helikopta huizoa na kuivuta juu. Orodha naiandika mimi. Ya Muharami nitaiandika yote isipokuwa hilo la nguo.

Rubani ni Philbert, mtu wa Tosamaganga, mtu wa sheria mpaka anachosha. Akiona kitambaa kimoja tu chini, hatui. Anageuza anarudi Songwe na bi harusi wake, na baba mtu anabaki na wageni mia tano wakitazama mawingu. Nataka asubiri kama tulivyosubiri sisi. Hakuna atakayeumia.

Kazi yako wewe ni khanga. Harusi zetu bi harusi hakanyagi chini bila kutandikiwa, na wa kutandika mjini hapo ni wewe. Nataka uwe mbele, wewe mwenyewe, kila mtu akuone.

Mwanao,
Asmaa

*

Mwanjelwa, Jumatatu, 10 Juni 2024

Mwanangu Asmaa,

Marahaba, tena marahaba mara saba. Barua nimeitia kwenye mkaa kama ulivyotaka, juu yake nikabandika maharage. Hayajawahi kuiva upesi namna ile.

Malipo ni hapa hapa duniani, wazee hawakukosea. Nilikwenda kwa mke wa Muharami na mafurushi mawili ya khanga, chai sijaimaliza nimeshapewa kazi zote: nimfunde bi harusi, nisimamie ngoma ya ndani, nitandike. Muharami mwenyewe alipita ukumbini akasema amesikia mikono yangu ina baraka. Mikono hii ndiyo iliyomfumba dada yangu macho, halafu yeye anaisifu! Nikacheka kwa uchungu, mkewe akadhani nimefurahi.

Na vituko hivi vya ndege navyo. Nyumba yao iko Soweto, hapa hapa mjini. Toka Soweto mpaka Uyole ni mwendo wa gari hata nusu saa haifiki, na foleni ya malori juu. Yeye atampeleka mtoto Songwe kwa gari, upande wa pili kabisa wa mji, ili apate kumrudisha kwa ndege. Ukiwa na mali hakuna anayekuuliza kama una akili.

Khanga nimechagua doti arobaini, nyekundu na nyeupe, zimeandikwa WALIOTUCHEKA WAJE WATUONE. Mama wa bi harusi amezipenda sana. Anadhani maneno hayo ni yake.

Usinifundishe kuchukia, mwanangu. Mimi ndiye niliyekaa na mamako kwenye kibaraza cha zahanati tangu asubuhi hadi saa kumi, simu mkononi, masikio juu. Gari la Amos, yule wa pikapu pale Ileje, lilikuwa bovu, unakumbuka, mpaka alipolifufua jioni na mambo yameshaharibika. Lingekuwa zima ningemfikisha. Sasa gari bovu, na ndege inatupa pipi! Muharami ndiye aliyemuua mama yako, hana mwenziwe.

Nitakuwa mbele, tena na kilemba.

Mama yako mdogo,
Bibie

*

Iringa, Jumanne, 18 Juni 2024

Mama mdogo,

Idi mubaraka. Muharami amesaini orodha, nakala anayo. Aliisoma kwa kidole mstari kwa mstari, akaniambia anapenda watu wanaoandika mambo yakaeleweka.

Anza kutandika saa nne, na ile H ya chokaa uifunike kabisa. Wanawake wengine wasaidie kubeba, lakini anayeelekeza uwe wewe. Usimpe mtu mwingine hiyo heshima.

Jana Philbert alikuja mezani kwangu na maparachichi, huwa ananiletea. Akaniuliza, "Asmaa, kipengele cha nguo umekiandika? Watu wa harusi na khanga, hawawezani." Nikamwambia nimekiandika, huku nikimtazama usoni. Kisha nikamenya parachichi lake moja, nikala mbele yake.

Usiniulize kama nina raha. Nina hamu tu siku ifike.

Mwanao,
Asmaa

*

Soweto, Mbeya, Jumatano, 26 Juni 2024

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa ndani kwa Muharami, mwali wangu amelala. Leo siku ya sita namfunda. Sheria yangu unaijua, simu haiingii chumbani kwa mwali, na kungwi hawezi kumnyima mwali simu naye akabaki na yake kifuani. Yangu nimeizima, iko sandukuni nyumbani. Barua hii ataichukua Alinanuswe akija na mchele wa karamu.

Huyu Ruwaida ni mtoto mzuri, Asmaa. Nilitaka awe na kiburi cha baba yake nipate kumchukia vizuri, sikukiona. Anaogopa ndege. Alitaka aende kwa gari na mashoga zake wakiimba, baba akakataa, amekwisha kuwatangazia watu. Ananiuliza, "Mama, nikitapika kwenye gauni je?" Nikamwambia ameze ndimu. Jana alinikanda miguu bila kuambiwa, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, wa dada yangu, yuko Iringa, ana moyo mgumu kama jiwe la kusagia.

Sijalegea. Baba yake kila nikimwona natamani nimtie kwenye kinu. Lakini nijibu jambo moja, na unijibu kweli: mtoto huyu hataumia? Maana wanawake wamenogewa, sasa wanataka kutandika doti sitini.

Bibie

*

Iringa, Ijumaa, 28 Juni 2024

Mama mdogo,

ZITOE KHANGA. Soma hilo kwanza, mengine baadaye.

Philbert hayupo. Leo saa sita amepelekwa Mufindi kumchukua mgonjwa kwenye shamba la chai ampeleke hospitali ya mbali, na kesho hatakuwa amerudi. Harusi amepewa Saulo, rubani mpya, ameletwa wiki iliyopita na ndege ya pili. Saulo hageuzi. Nimemwambia, kaka, Uyole wanawake wanaweza kutandika khanga, ukiziona usitue. Akacheka, akasema yeye ametua mpaka juu ya mapaa, hawezi kushindwa na nguo za akina mama, na hajawahi kumrudisha mteja njiani.

Atatua. Khanga ikinyonywa na panga la mkia, ndege inazunguka kama pia ya watoto kisha inaanguka. Ndani yumo yule mtoto aliyekukanda miguu. Na itaangukia walio karibu, na aliye karibu kuliko wote ni wewe, kwa sababu nilikuambia ukae mbele.

Umeniuliza kama hataumia. Nilikujibu tangu barua ya kwanza, na jibu lile lilikuwa la Philbert, si la Saulo.

Simu yako imezimwa. Nimempigia Alinanuswe, nimemwambia kuna barua inakuja na basi la jioni, aifuate stendi alfajiri na akufuate popote ulipo. Zaidi sikumwambia, nikimwambia yeye nimeliambia soko zima. Namba ya Muharami iko mbele yangu. Nimeibonyeza mara mbili nikakata kabla haijaita. Kumwambia yule mtu kwamba mimi ndiye niliyekosa, mdomo unakataa. Najua ni aibu, ndiyo hiyo nakuandikia. Kesho saa nne kama sijasikia kitu nitamwambia bosi, anifukuze.

Zitoe, hata kama ni kwa meno.

Asmaa

*

Mwanjelwa, Jumanne, 2 Julai 2024

Mwanangu Asmaa,

Najua kwa simu umeambiwa tu kwamba niko hai. Mengine nilikataa kuyasema huko, na sasa nayaandika.

Alinanuswe alinikuta uwanjani Uyole saa tano kasoro, anahema, viatu mkononi. Doti sitini ziko chini, uwanja wote mwekundu. Nimesoma barua yako nimesimama. Nikuambie ukweli: kwa muda wa kumeza mate nilitaka niitie kifuani niache mambo yaende. Muharami alikuwa kwenye kiti kikubwa, amenyoosha miguu, anawaonyesha watu anga kwa fimbo kana kwamba nayo ameinunua. Nikamtazama, nikamkumbuka mamako. Kisha nikamkumbuka yule mtoto na ndimu yake.

Nikaanza kukusanya. Nimeshika ya tatu, nasikia, "Wewe mama, nani amekuambia uzitoe?" Nikasema upepo wa ndege utazizoa, ni hatari. Akatoa karatasi mfukoni, ile orodha yako, akaifungua mbele ya watu. "Soma hapa. Wameandika viti, wameandika mahema. Khanga ziko wapi? Mwanangu hakanyagi vumbi la Uyole." Wanawake wakazirudisha chini. Saini yako ninaiona pale, Asmaa, nikaogopa kukutaja.

Basi nikamwambia ya moyoni, niliyoyaweka miaka mitatu. Nikamwambia, siku ile ulipotupa pipi, uliyemkatalia ndege alikuwa dada yangu, na alikufa. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Unajua alinijibuje? Alikunja uso kama mtu anayetafuta miwani yake, akasema, "Mgonjwa gani? Mimi sikumbuki mgonjwa. Pipi nazikumbuka." Hakuwa anadanganya. Ningemjua kama anadanganya. Sisi tumemlisha mtu huyu chuki yetu miaka mitatu, naye hana habari kama tulimwalika. Hasira ikaniporomoka, si kwa huruma, kwa kukosa pa kuishika.

Mlio ukaanza upande wa Songwe. Akaniambia nitoke katikati. Nikaenda katikati, juu ya H, nikalala chali juu ya khanga nilizotandika mwenyewe, nikafunga macho. Walinivuta mguu, nikang'ang'ania. Upepo ulipokuja walinikimbia wote. Vumbi, mawe, na sauti ile inaingia mpaka kwenye meno. Khanga za pembeni zikapaa, moja nimeambiwa ilinasa kwenye paa la darasa la tano. Saulo wako hageuzi kwa sababu ya nguo, lakini mtu hakuthubutu kumtulia kichwani. Akapanda juu, akazunguka mara moja, akarudi alikotoka.

Muharami alibaki ameinua shingo mpaka mlio ulipokwisha, wageni mia tano wanamtazama yeye. Tulilolitaka tulilipata, na halikuwa na ladha hata kidogo. Ruwaida alikuja kwa gari saa nane, anacheka, mashoga wanapiga vigelegele, mimi nimeshatolewa getini. Mama wa bi harusi amesema nina husuda. Leo nyumba mbili zilizokuwa zimeniagiza kwa harusi za Julai zimetuma watoto kuniambia nisihangaike.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa nimelala pale nilisema, nikiamka nitamwambia Asmaa.

Gari la Amos halikuwa bovu. Saa tatu asubuhi lilikuwa linanguruma mbele ya zahanati, godoro limetandikwa nyuma. Daktari alisema twende. Wewe ukapiga simu ukasema helikopta iko mjini, unakwenda kuiomba, sisi tuanze safari, tusisubiri. Nikamwambia Amos azime. Nilisema dada yangu hawezi kurushwarushwa nyuma ya pikapu kama gunia la viazi wakati ndege ipo. Nilitaka Ileje yote ione. Nilitaka na sisi tutazamwe, mara moja tu. Tukasubiri saa saba nzima, Asmaa. Mamako aliniambia, "Bibie, twende," mara mbili. Nikamwambia, vumilia, inakuja.

Muharami alikataa ndege. Aliyezima gari ni mimi. Nilikupa yeye umchukie ili usinitazame.

Sina cha kukuomba.

Bibie

*

Iringa, Jumapili, 7 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo.

Nilijua. Amos aliniambia siku ya arobaini ya mama, nje, wewe ukiwa jikoni unapakua pilau. Alilia, akasema alikuwa ameshika usukani, ukamwamuru azime. Nikarudi ndani, nikapokea sahani mkononi mwako, nikala. Tangu siku ile nilikuwa na watu wawili wa kuwalipiza, siyo mmoja.

Hukujiuliza kwa nini kila barua nilikuandikia uwe mbele, wewe mwenyewe, usimpe mtu mwingine heshima hiyo? Philbert angegeuza, Muharami angeaibika, na lawama zote zingemwangukia aliyetandika. Nilitaka nyumba za Mbeya zikufungie milango. Nilitaka usimfunde mwali yeyote tena, ukae peke yako kwenye kibanda chako na khanga zako, usijue nani amekufanyia. Nilipanga hivyo nikiwa nakuita mama mdogo, na kujiita "mwanao" kila barua.

Ijumaa ile nilipojua Saulo ndiye atakayeruka, nilikaa. Sikupiga simu wala sikuandika, karibu nusu saa, nikijiambia kwamba Mungu ameongeza pale nilipopunguza. Halafu nikakuona mawazoni umelala chini ya lile dude, na kilemba chako. Nikachukua kalamu.

Bosi nilimwambia Jumamosi saa nne. Akaniamuru niite kwa redio. Saulo alikuwa amekwisha kupaa na hakuitika, wala simu hakupokea. Kazi sina tena. Philbert aliponiona nabeba vitu vyangu alinipisha mlangoni. Mgonjwa aliyemchukua Mufindi amepona. Mtu mzima, mchuma chai, kwao Njombe. Nimelia kwa ajili ya mtu huyo kuliko nilivyolia kwa chochote mwaka huu, na jina lake silijui.

Nyumba za Mbeya zimekufungia milango kama nilivyotaka. Nimelipata, nalo halina ladha, kama lile lenu la uwanjani.

Nimepanga chumba Kihesa. Dirisha halifungi vizuri na upepo unaingia, njoo na blanketi. Khanga zilizobaki zifunge vizuri, tutauza sokoni hapa, watu wa hapa hawatujui. Usije na maneno ya kuniomba radhi, na mimi sitakuomba. Panda basi la Jumatano asubuhi.

Sijakusamehe, mama mdogo. Nitakuwa stendi tangu saa sita.

Mwanao,
Asmaa